Fundi Tisa, Seremala Aliyetundika Kifungo Chake Mlangoni

Marehemu, ambaye wengi mliofika hapa mnamjua kwa jina la Fundi Tisa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watano. Baba yake alikuwa mpaka rangi wa majumba, na mama yake mpishi katika shule ya bweni. Mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alitanguliza miguu kuja duniani, na mkunga alipojaribu kumgeuza alishindwa. Baada ya mkunga walijaribu wengi, nao wakashindwa vilevile.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza darasa la saba mwaka 1974. Hesabu aliziweza, kunyamaza ndiko kulikomshinda. Darasa la tano alichapwa kwa kumwambia mwalimu kwamba ubao umetundikwa upande. Ubao ulikuwa upande kweli. Akaingia sekondari, lakini mwaka 1977 baba alianguka kutoka juu ya jukwaa akiwa kazini, akavunjika nyonga, na nyumbani ikawa mmoja tu ndiye anayeweza kuendelea na shule. Marehemu alikuwa na akili kuliko kaka yake mkubwa, na wote wawili walilijua hilo. Akasema, "Kaka amebakiza mwaka mmoja. Mwacheni amalize." Kaka huyo alimaliza, akapata ukarani, na leo ndiye anayewasomea maneno haya.

Alibeba mizigo sokoni, kisha akajifunza udereva na kuendesha gari la mizigo la mfanyabiashara mmoja. Alfajiri ya tarehe 2 Juni 1984 alikubali kuwapeleka watu watatu kwenye ghala la vitambaa, naye akijua fika wanafuata nini. Wenzake waliingia ndani, yeye akabaki kwenye usukani. Mlinzi wa ghala alipigwa nondo ya uso na kupoteza jicho la kushoto. Marehemu hakumgusa mlinzi yule, wala hakuwahi kulitumia jambo hilo kujitetea. "Nilimsikia anaita," alikuwa akisema. "Nikakaza mikono kwenye usukani." Tarehe 19 Novemba 1984 alihukumiwa kifungo cha miaka tisa.

Gerezani alifundishwa useremala na mfungwa mzee aliyeitwa Babu Randa. Kigoda chake cha kwanza kilikuwa na mguu mmoja mfupi, na Babu Randa alikikalia mwezi mzima akiyumba kwa makusudi, ili mwanafunzi wake aone aibu kila siku. Angeweza kupunguziwa kifungo, kwa kuwa humo ndani hakuwa na kosa lolote. Lakini mwaka wa tatu aliitwa kutia saini kwamba mfungwa mwenzake aliteleza mwenyewe bafuni, na yeye alikuwa ameona kwa macho yake aliyemwangusha. Akaweka kalamu chini. Msamaha ukafutwa, akatumikia miaka yote tisa bila kupungua siku. Mama yake alikwenda kumtazama kila mwezi mpaka miguu ilipomkatalia. Kaka yake, aliyekuwa na kazi ya heshima na wakwe wa heshima, hakwenda hata mara moja.

Alitoka tarehe 19 Novemba 1993 akaja kwenye jiji hili, ambako hakujulikana na mtu. Baada ya wiki moja mtaa mzima ulimjua, kwa sababu kila aliyemwuliza ametoka wapi alimjibu. Watu waliomtakia mema walimshauri aseme alikuwa nje ya mji kikazi. Hakutaka. Wenye nyumba watatu walimfungia mlango. Wa nne alikuwa mama mjane, mfua nguo, aliyemsikiliza huku akikamua shuka.

"Yote hayo mbona unaniambia?" akamwuliza.

"Umeniuliza, mama."

Yule mama akaitundika shuka kambani. "Waongo ninao wanne humu ndani, na kila mmoja ni mtu wa heshima. Chukua chumba cha uani. Bomba linavuja, utalitengeneza."

Alipata kazi katika kiwanda cha samani mwaka 1994, na katika miaka miwili akawa fundi anayepewa kazi ambazo wengine wanazikimbia. Aprili 1996 mota ya msumeno mkubwa ilitoweka. Hakuna aliyeuliza maswali mengi. Polisi walimfuata mashineni mchana kweupe, wakamfunga pingu mbele ya wafanyakazi ishirini na wawili, akalala mahabusu siku nne. Siku ya tano mota ilionekana kwa shemeji wa tajiri mwenye kiwanda. Tajiri akatuma mtu kumwita fundi wake arudi kazini.

Alirudi, lakini alisimama getini.

"Ingia, fundi," tajiri akamwambia. "Mambo yamekwisha. Yaliyopita si ndwele."

"Si ndwele kwa aliyeyapitisha, mzee. Mimi niliyepitiwa bado naumwa. Ulinitoa hapa mbele ya watu ishirini na wawili. Waite, uwaambie mbele yangu kwamba sikuiba."

"Unataka niombe radhi kwa vibarua?"

"Kwangu. Wao wasikilize tu."

Tajiri hakuwaita. Marehemu akaomba apewe randa yake, iliyokuwa mali yake mwenyewe, akaichukua na kwenda zake bila kazi nyingine ya kushika.

Agosti mwaka huohuo alifungua karakana ya mabati, pana kama kitanda cha watu wawili, na juu ya mlango akatundika kibao alichokiandika kwa mkono wake: SEREMALA. ALIFUNGWA MIAKA TISA. MILANGO, MADIRISHA, VITANDA. Majirani walimwambia amejichimbia kaburi. Akawajibu, "Anayetaka kunichongea kwa wateja wangu, nimemfanyia kazi yake. Atafute nyingine." Miezi miwili ya kwanza watu walikuja kusoma na kucheka. Kisha akaja mwalimu mmoja aliyekuwa amedanganywa na mafundi watatu mfululizo, akasema fundi anayeanza na ukweli huenda akamaliza na kitanda. Kitanda kile kipo mpaka leo. Jina la Tisa lilitoka kwenye kibao hicho, na aliitika kila alipoitwa.

Kibao ndicho kilichomletea mke. Manispaa ilimtuma karani wake, binti mwenye mkoba wa makaratasi, aje kukiondoa.

"Dada, kibao kina uongo?" marehemu alimwuliza.

"Sijasema kina uongo. Hakina kibali."

"Basi nipe fomu."

Akaijaza mbele na nyuma, na palipotaka maelezo mengine akaandika kisa kizima, kuanzia ghala mpaka mahabusu. Karani akaanza kusoma akiwa amesimama, akafika katikati, akaomba pa kukaa. Kiti pekee kilichokuwa tayari kilikuwa cha mteja. "Kalia tu," fundi akamwambia. "Kikivunjika, bora tujue mapema." Hakikuvunjika. Kibali kilitoka, na karani akawa anapita kukagua kibao ambacho hakikuwa tena na haja ya kukaguliwa.

Baba wa binti alikataa posa. Alisema mwanawe haolewi na jela. Binti akamjibu kwa adabu, "Jela ameshatoka, baba. Ni wewe unayetaka kumrudisha." Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998. Baba mkwe alikuja mwishoni mwishoni, akakaa nyuma kabisa, na mwaka uliofuata akaagiza kabati. Mungu aliwajalia watoto wawili wa kike.

Mwaka 2001 marehemu alisafiri kumtafuta yule mlinzi wa ghala. Alimkuta mbele ya nyumba yake akipuliza vumbi kwenye redio.

"Mimi ni yule wa nne," akamwambia. "Niliyekuwa kwenye gari."

Mlinzi alimtazama kwa jicho lililobaki. "Umekuja nikusamehe?"

"Hapana. Mahakamani ulikuwa umefungwa bandeji macho yote mawili, hukuniona. Nimekuja unione."

"Nimekuona. Sasa nenda."

Akaenda. Lakini alikuwa ameona kwamba mlango wa nyumba ile umeoza chini, na mwaka uliofuata alirudi na mlango mpya wa mbao ngumu. Mlinzi alimwacha aufunge. Marehemu hakuwahi kudai kwamba alisamehewa, na waliotaka kukimalizia kisa hiki kwa utamu aliwakatiza.

Karakana ilikua. Kati ya mwaka 1999 na 2022 aliajiri watu kumi na sita waliotoka gerezani, wanaume kumi na mmoja na wanawake watano. Watatu walirudia makosa na kufungwa tena, mmoja wao baada ya kukimbia na keekee mpya ya kutobolea mbao. Watu walikuja kumwambia, "Si tulikuonya?" Akawauliza, "Wale kumi na watatu wanaoamka na kwenda kazini kila siku, mbona hamji kunisimulia habari zao?" Wengi wa hao kumi na watatu ndio waliobeba jeneza hili asubuhi ya leo.

Kikohozi kilimwanza Septemba 2021. Madaktari walisema ni vumbi la mbao lililokaa mapafuni miaka mingi. Alipelekwa hospitali mara nne, na mara nne alirudi karakanani kabla ya siku aliyoambiwa. Januari mwaka huu, alipolazwa mara ya mwisho, kaka yake aliona ni vizuri kuandaa wasifu mapema, akauandika na kumsomea kitandani. Humo ilikuwamo sentensi hii: "Kati ya mwaka 1984 na 1993 marehemu alikuwa nje ya mji kikazi."

Mgonjwa akavua kinyago cha oksijeni.

"Kaka, hukuja hata siku moja. Sasa unataka na mimi nisiwepo kule?"

Kaka akatoa kalamu, akakata sentensi ile, na kwa muda wa wiki tatu alikaa kando ya kitanda kila alasiri akiulizia miaka ile, mwaka kwa mwaka: nani alilala upande gani, mama alikuja amevaa nini, Babu Randa alifia wapi. Mengi mliyoyasikia hapa aliyapata siku hizo, akiwa amechelewa.

Marehemu alifariki dunia tarehe 6 Februari 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Ameacha mjane, binti wawili, mmoja fundi umeme na mwingine mwanafunzi wa ualimu, mjukuu mmoja, dada wawili, mdogo wake wa kiume na kaka yake, pamoja na mafundi wote wa karakana, ambayo itafunguliwa Jumatatu saa mbili kamili.

Aliye na neno juu ya maisha yake asimfuate kaburini. Aje kwetu, tupo, tutamjibu. Yeye tumwache apumzike kwa amani.