Ferdinand Kabamba, Aliyeliona Ziwa Chini ya Majani

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi. Leo nitaongea polepole, maana jana tulimzika Ferdinand Kabamba, mchimba visima wa kambi ya reli hapa Kamina. Ferdinand Kabamba, miaka sitini na moja.

Alizaliwa Sanga, kando ya ziwa Kisale. Huko wanajua: zamani sana ardhi ilishuka, Lualaba ikaingia, ikajaza bonde. Mto huohuo unaleta tope. Tope likizidi, ziwa linageuka majani.

Mwaka sabini na tisa, sisi watu wa reli tulitafuta mahali pa kujenga. Tukapata bonde lisilo na mti hata mmoja. Tulifurahi mno! Hakuna visiki vya kung'oa. Kabamba hakufurahi. Alichimba shimo la mita tatu. Juu mchanga. Chini yake udongo mweusi. Chini kabisa, maganda ya konokono wa majini.

"Hapa njo ilikuwa ziwa," alituambia. "Matope ilijaza shimo, majani ikaota. Lakini mahali iko chini. Mvua ikikuwa mingi, mayi itarudia."

Tulicheka, tukajenga. Ziwa gani, na vumbi lote lile? Mkewe, mama Clotilde, hakucheka. Matofali yao yalikuwa tayari palepale.

Jana msibani aliniambia: "Nilimwambia: baba Noé, tulishachoma matofali! Akasema: mama, siwezi kulalisha batoto mu ziwa. Nikalia siku mbili."

Hawakujenga; wakaendelea kupanga chumba kimoja, mbali na bonde.

Miaka miwili mvua ilikuwa ya kawaida. Tukamcheka zaidi. Mwaka wa tatu ilinyesha siku tisa. Maji hayakuja kwa kasi. Yalipanda kutoka chini, taratibu, mchana kweupe, hadi madirishani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulivunjikiwa nyumba, zote kumi na nne.

Kabamba alikuja na kamba yake ya kisima. Akatutoa wote. Hakusema "niliwaambia" hata mara moja.

Wa mwisho kutolewa alikuwa mama yangu mzazi. Alimbeba mgongoni, maji yakimfika kifuani. Nyumba ilikuwa yangu. Na mimi, mwenye mdomo huu wa redio, ndiye niliyemcheka kuliko wote.

Pole sana, mama Clotilde. Pole, Noé mwanawe, na ukoo wote wa Sanga. Tunalia pamoja nanyi.

Wasikilizaji wapendwa, fikirini: nani alikuambia ukweli, ukamwona mjinga? Mwendee leo. Mimi nimekaa jirani na Kabamba miaka minne tangu mafuriko yale. Kila asubuhi nilisema nitamshukuru kesho. Nimemshukuru jana, mbele ya sanduku.