Duara Kubwa la Ukame

Kijiwe cha Hinda, muuza kahawa, kiko nyuma ya soko la mifugo, Garissa mjini: benchi moja refu, birika la kahawa ya tangawizi, na mabingwa wa kila jambo wasiloulizwa. Asubuhi hiyo Hamdi aliketi hapo na kompyuta yake, moyo ukimdunda. Alasiri angesimama mbele ya walimu wake wa chuo kikuu kutetea utafiti wake. Alikuwa amekusanya makala za wasomi kuhusu ukame wa Kaskazini Mashariki, programu ikazichorea ramani: kila mwandishi duara, na kila anayemnukuu mwenzake, mstari. Akawageuzia wazee wa benchini kioo cha kompyuta, angalau ajizoeze.

— Huu ni upele, alisema Adow, aitwaye Profesa kwa sababu ya miwani tu.

— Ni watafiti, adeer. Anayenukuliwa sana, duara lake linanenepa.

— Nimeelewa! akadakia Mahat, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki. Ni ukoo! Huyu anamtaja yule, yule anamtaja huyu. Wanaoana wenyewe kwa wenyewe. Damu nzito kuliko maji, ndiyo maana visima vimekauka.

— Ukoo wapi, waryaa! Profesa akampinga. Hizo ni waya za kuvutia mawingu. Makala moja ikitoka, wingu moja linakwenda Ulaya. Kabla hawajaanza kuandika nilikuwa na ng'ombe. Sasa nina miwani.

— Haba na haba hujaza kibaba! Redio akaafiki. Wametumaliza wingu kwa wingu.

Hamdi alicheka kwa adabu, akatazama saa.

— Usiogope, abaayo, dada yangu, Redio akamtuliza. Mimi sijaelewa kitu. Walimu wako nao wasipoelewa, wataona haya kuuliza. Umepita!

Pembeni alikuwa ameketi Kaaha, mama mfugaji wa Hadado, kule Wajir, aliyeleta mbuzi sokoni na sasa anasubiri basi. Akanyoosha shingo.

— Binti yangu, huyu mwenye duara kubwa kuliko wote, anasema nini?

Redio akamtazama Profesa. Profesa akavua miwani, akaifuta. Hamdi alijua mtu huyo ananukuliwa na nani, katika nchi zipi, na mwaka gani alianza kunenepa.

— Ananukuliwa sana, mama.

— Nimesikia. Anasema nini?

Uso ukimwaka, Hamdi aliifungua makala yenyewe kwa mara ya kwanza, akarukia aya ya mwisho.

— Anasema... utafiti zaidi unahitajika.

Hinda alilitikisa birika. Halikutoa hata tone. Hamdi akaifunga ramani, akarudi ukurasa wa kwanza wa makala, akaanza kusoma.