Diski ya Sironga na Jina la Ombui

Mgeni rasmi, viongozi wa chama cha wakulima, na Mama Nyangate, mjane wa mwenzetu Ombui, karibuni katika chumba chetu cha kompyuta hapa Kisii. Mtuwie radhi kwa baridi. Mashine hii haipendi joto.

HISTORIA

Ndani ya kompyuta hii kubwa mna mashine pepe kadhaa, kila moja ikifanya kazi kama kompyuta kamili. Marehemu Sylvanus Ombui alizipa majina ya sehemu za kwao: Kebirigo, Sironga, Nyansiongo. Sironga ilitunza kumbukumbu za wakulima wa majani chai.

MAFANIKIO

Ombui alitufundisha kuzitibu. Mashine ikikataa kuamka, tunaizima, diski yake tunaiunganisha na jirani mzima, jirani anaitengeneza, kisha diski inarudi kwa mwenyewe. Alisisitiza jambo moja: mgonjwa asiwashwe diski ikiwa kwa jirani, maana wawili wakiiandika kwa pamoja wanaiharibu. Kwa njia hiyo tuliokoa mengi.

CHANGAMOTO

Msimu uliopita Sironga iliugua. Diski yake ilikuwa kwa Kebirigo simu ilipolia kutoka makao makuu. Ombui aliiweka kwenye spika, sote tukasikia.

"Washa Sironga. Wakulima wanapiga kelele."

"Mkubwa, ningojee kidogo tu. Diski iko kwa jirani."

"Wewe na majirani zako! Basi tutaiwasha sisi huku."

Wakaiwasha. Kumbukumbu zikavurugika, na ripoti ikamtaja Ombui peke yake kuwa mkosaji. Akafutwa kazi. Sokoni Kebirigo watu walimpa mkewe kisogo. Sisi kila tulipokutana na Ombui alituuliza, "Sironga imeamka?" Tukamdanganya kwamba imeamka. Inatuuma sana. Wiki iliyopita moyo wake ulisimama, na atazikwa Alhamisi kwao Nyansiongo.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi mengi, ya kiyoyozi na ya mafunzo. Tumeyafuta. Tunaomba hili tu: ripoti ile isahihishwe kabla ya Alhamisi, na aliyepiga simu aseme ukweli mbele ya kaburi, watoto wake wakisikia.

Mgeni rasmi, maneno yanayofuata tumeyaongeza kwa kalamu asubuhi hii, utusamehe mwandiko. Aliyepiga simu hatukuwahi kumwona, tuliijua sauti yake tu. Leo tumeisikia tena, ulipotusalimu pale mlangoni.

Mungu akufikishe Nyansiongo salama.

Imesomwa na Bochaberi, kwa niaba yetu sote, Wafanyakazi wa Chumba cha Kompyuta, Kisii.