Delphine Rucker, Mfupi Aliyesimama Njiani

Leo, tarehe 14 Septemba, baada ya misimu kumi na mitatu na timu yetu ya Korongo wa Toledo, Delphine Rucker anastaafu mpira wa kikapu. Ana urefu wa futi tano na inchi nne. Timu ilimwandika tano na sita, naye hakuona sababu ya kubisha.

Uwanjani timu huweka mchezaji mfupi mmoja, pengine wawili, na kila mwaka huwaita wengine kugombea nafasi hiyohiyo. Delphine aliilinda yake kwa kazi iliyokwepwa na wengi: kusimama wima mbele ya mtu anayekuja mbio, agongwe, aanguke, refa apulize filimbi na mpira uwe wetu. Warefu walimwita Kizibo.

"We Kizibo, toka, nisije nikakukanyaga!"

"Nikanyage, dada, mradi filimbi ilie."

Misimu miwili aliongoza ligi kwa pasi za kufungia. Sisi wafupi tuliomfuata alitufundisha kuangukia makalio, si kisogo. Alitufundisha na jambo jingine. Kabla ya msimu daktari hupima kumbukumbu na wepesi wetu, ili tukigongwa kichwa awe na cha kulinganisha. "Siku hiyo jifanye mzito, mdogo wangu," alisema. "Ukiwa goigoi mwezi wa tano, nani atashtuka mwezi wa nane?" Mfupi akikaa nje wiki mbili, hurudi akakuta nafasi ina mwenyewe.

Agosti, hapa nyumbani, mchezaji wa kati wa wageni alimgonga kifuani, kisogo kikapiga sakafu. Delphine aliinuka, akanyoosha jezi, akaenda kuketi kwenye benchi la wageni. Ukumbi ulicheka, maana utani wa namna hiyo ulikuwa wake. Akamgeukia kocha wao: "Niingie badala ya nani, kocha?" Kocha yule hakucheka. Alimshika mkono, akamwita daktari.

Alipopimwa siku mbili baadaye, alifaulu. Majibu yalilingana na yale ya mwezi wa tano. Angeweza kurudi uwanjani, na mkataba mpya ulikuwa unamsubiri. Badala yake alimwambia daktari: "Kila mwaka nakudanganya. Jana nimepotea mtaani kwangu."

Kisha akatukusanya wafupi kwenye chumba cha kubadilishia nguo. "Nimeshamwambia daktari yote, hata yenu. Mtapimwa upya, na safari hii mjibu kweli. Nichukieni mkitaka."

"Wewe umeshakula miaka yako, dada," mmoja wetu alimjibu. "Sisi je?"

Tulipimwa. Wasifu huu umeandikwa na mmoja wetu, ambaye kwa majibu hayo amezuiwa kucheza hadi msimu uishe.

Leo hatavaa jezi. Tunawaomba mashabiki wasimwite aingie uwanjani, hata kwa mzaha. Atakayekwenda kumsalimia aanze kwa kujitaja jina, hata kama wamejuana miaka yote hii.

Delphine, tunakushukuru kwa pasi, na zaidi kwa kusema kweli. Tunakuombea asubuhi nyingi za kuamka ukijua ulipo.