Anatolia Byarugaba, Aliyekataa Mashine Iwashwe Kabla Haijasema

Mchungaji, wazee wa pande zote mbili, majirani na marafiki. Mimi ni Joanitha, dada mkubwa wa marehemu. Nimefundisha shule miaka ishirini na sita na sauti yangu inafika mpaka kule barabarani, kwa hiyo asije mtu kuniambia kesho kwamba hakusikia. Haya ninayosoma yamo kwenye ratiba mliyoshika. Marehemu mwenyewe aliyapitia kwa kalamu nyekundu mpaka sehemu ya ugonjwa, akanisahihisha tarehe mbili.

Anatolia Kokushubila Byarugaba alizaliwa Kanazi, Bukoba Vijijini, tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa nne wa marehemu mzee Byarugaba na mama yetu Consolata. Alipokuwa na miaka minane, mtungi wa mama ulikutwa umepasuka na maji yametapakaa. Mama alishashika fimbo, na mshitakiwa nilikuwa mimi. Anatolia akapiga kelele: “Kila mtu asimame alipo! Asiguse mtu kitu!” Akatupitia mmoja mmoja. Ulikuwa wapi? Umeshika nini? Nani alikutuma? Mwisho akamkuta mbuzi wa baba nyuma ya jiko, kamba imekatika, miguu imelowa chapachapa. Mbuzi hakuchapwa, na mimi pia sikuchapwa.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kanazi kuanzia 1992 hadi 1998, kisha sekondari mjini Bukoba. Mwaka 2005 alikwenda Dar es Salaam kusomea kompyuta chuo kikuu, akahitimu 2009. Kuna mjomba, yupo hapa na anajijua, aliyesema binti anakwenda kujifunza kupiga chapa. Alirudi na shahada, akamtengenezea mjomba huyo simu yake bure mara saba.

Alianza kazi kwenye duka la kutengeneza kompyuta, Miembeni. Mwaka 2012 aliajiriwa na kampuni moja ya samaki mjini Bukoba, inayopokea mizigo kutoka visiwa vya Muleba. Jina naliacha. Wenyewe nimewaona wameketi, karibuni sana. Huko alitunza seva, ile kompyuta kubwa iliyoendesha mizani na vyumba vya barafu.

Mwaka 2019 seva hiyo ilianza kuanguka. Umeme ulikuwepo. Kilichokufa ni kiini cha mfumo endeshi, yaani programu mama inayoziamuru nyingine zote, na kilikufa mchana kweupe, boti zimejaa. Mafundi wenzake walifanya tunachofanya sote na simu zetu: zima, washa. Ikiwaka wanapiga makofi, kesho inakufa tena. Anatolia aliyachukia makofi yale. Aliniambia, “Dada, wakiiwasha wanafuta ushahidi. Wanazika kwanza, halafu ndiyo wanauliza marehemu alikuwa anaumwa nini.”

Alinieleza dawa yake mpaka mimi mwalimu wa Kiswahili nikaelewa. Alitenga sehemu ndogo ya memori, akaweka humo kiini cha pili, kidogo, kisicho na kazi nyingine ila kusubiri. Kiini kikubwa kikianguka, prosesa zote zinaamriwa zisimame zilipo, na kila moja inaacha maandishi: nilikuwa kwenye mstari gani wa programu, nilikuwa nimeshika namba gani, nani alinituma. Kile kidogo kinaamka, kinayahifadhi yote kwenye diski, ndipo mashine iwashwe upya. Nikamwambia, “Lakini hiyo ni ile ya mtungi!” Alicheka mpaka akakaa chini.

Meneja wake, Ndugu Clavery, hakucheka. Alisema binti anapoteza memori ya kampuni kwa kiini cha uvivu. Seva ilipozidi kuanguka, akamwandikia barua kwamba yeye ndiye anayeihujumu. Jumanne tarehe 15 Oktoba 2019, saa tano asubuhi, ikaanguka mbele ya watu wote. Kwenye skrini asilimia za maandishi yaliyokwisha kuhifadhiwa zilikuwa zinapanda kwa mwendo wa kinyonga.

“Washa!” Clavery akafoka. “Samaki wanaoza!”

Anatolia akasimama mbele ya kitufe, mikono kiunoni. “Haijamaliza kusema.”

“Nitakufukuza!”

“Nifukuze ikishamaliza.”

Dakika kumi na moja alisimama pale. Ametusimulia Bwana Jamali, mchuuzi wa samaki kutoka visiwani, aliyekuwa akisubiri mzigo wake upimwe. Maandishi yalipofunguliwa yalionyesha kwamba programu ya mizani mipya, ambayo uongozi wenyewe uliileta, ilikuwa ikiandika kwenye memori isiyo yake. Anatolia hakuwa na kosa hata chembe. Barua ya kumtuhumu tunayo nyumbani. Ya kumwomba radhi tunaisubiri mpaka leo.

Jumamosi tarehe 7 Desemba 2013 alifunga ndoa na Ndugu Gideon Rwegasira wa hapa Muleba, wakaishi Bilele, mjini Bukoba, na kujaliwa watoto wawili, Mugisha na Bernadeta. Siku ya kwanza kufika katika kibanja hiki, nyumbani kwa wakwe zake, mama mkwe wake, Mae Elina, alimpa kahawa ya kutafuna na kumwambia kwa upole wa Kihaya, “Waitu, hapa hukuja kuwa mgeni.” Toka siku hiyo walikuwa wakigombana kuhusu chumvi na kusengenya watu pamoja, kama mtu na mama yake mzazi.

Sasa ugonjwa. Najua wengine mmefunga safari kwa ajili ya sehemu hii tu. Mnasema Anatolia alikula senene, panzi wetu wa kukaanga, kwa mama mkwe, kesho yake akatapika damu, basi tumeshajua nani kamuua. Mmeyasema sokoni, mmeyasema mpaka kwenye kwaya. Marehemu aliyasikia akiwa hai, kitandani, akaomba karatasi. Nasoma alivyoandika:

“Mimi Anatolia naandika hali yangu nikiwa na akili timamu. Julai 2024, maumivu chini ya chembe cha moyo. Nikameza vidonge vya vidonda vya tumbo, nikarudi kazini. Agosti, nashiba kabla sijala, sketi zinanivuka. Septemba, choo cheusi mara mbili, sikumwambia Gideon. Oktoba, vidonge vingine. Jumapili tarehe 24 Novemba, kwa Mae, senene kiganja kimoja. Tarehe 25, natapika damu. Tarehe 11 Desemba, Mwanza, kipimo cha kamera na cha kinyama kilichokatwa tumboni: saratani ya tumbo, imeshafika kwenye ini. Daktari amesema ni ya miezi mingi. Senene hawakuniua. Mae hakuniua. Nilifanya nilichowakataza wengine: nilijizima nikajiwasha, miezi minne. Mwenye dalili kama zangu asinifuate. Aende akapimwe.”

Aliponipa karatasi hii aliniambia, “Dada, nikifa watu watakuwa na haraka ya kumpata mchawi. Wewe ndiye kiini kidogo nilichokitenga pembeni. Amka uyaseme.” Nililia siku nzima. Leo silii.

Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nane mchana, nyumbani kwake Bilele, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Aliyekuwa amemshika, na kikombe cha uji mkononi, ni Mae Elina, ambaye tangu Desemba hakurudi kulala kwake Muleba hata siku moja.

Ameacha mume, Gideon. Watoto, Mugisha na Bernadeta. Mama mzazi, Consolata. Mama mkwe, Elina. Na mimi dada yake pamoja na ndugu zetu wawili.

Yanayofuata hayamo kwenye ratiba. Jana jioni wazee wawili wa upande wetu, wa Kanazi, walimwambia Mae Elina akae jikoni, asilisogelee kaburi. Ndani ya kibanja chake mwenyewe! Na yeye, kwa adabu zake, akatii. Wazee wangu, nawaheshimu, lakini hapana. Vyeti vya hospitali ni hivi, nimevishika. Mwenye shaka aje avisome mbele ya Mchungaji. Nasubiri.

Hakuna? Haya.

Mae, toka jikoni, waitu. Kiti chako ni hiki, kando ya Gideon, na udongo wa kwanza ni wa mkono wako. Vijana, msishike kamba. Jeneza halishuki mpaka mama huyu afike hapa, hata ikichukua dakika kumi na moja.

Anakuja. Mpisheni.

Anatolia amemaliza kusema. Sasa apumzike kwa amani.