Ufunguo wa Pampu ya Kambu

Mgeni wetu rasmi na meneja wetu unayestaafu leo, Mzee Kiema; mkewe, mama Wavinya, uliyetuazima mume miaka kumi na tisa; wakulima wenzetu:

MAKARIBISHO

Karibu shambani kwako, Mzee. Tumezoea kukuona umesimama ukikagua mabomba. Leo kaa kitini, utupe dakika tano.

TULIKOTOKA

Pampu yetu ya kwanza iliibwa kabla haijamaliza mwezi. Ya pili ukaifungia kibandani, ufunguo ukauvaa shingoni, na tangu hapo hakuna bomba lililofunguliwa bila wewe. Naibu hukuweka. Nasi hatukulalamika, maana ilikuwa raha kuwa na mtu wa kuulizwa kila kitu.

MAFANIKIO

Maji yalifika hadi mashamba ya kando ya barabara kuu. Mwongeli, uliyemwajiri kufyeka nyasi, aliijua pampu kwa kuchungulia dirishani ulipokuwa ukiitengeneza.

CHANGAMOTO

Agosti, ulipolazwa kwa upasuaji, pampu ilizima. Mwongeli alijua ni kichungi kimeziba, kazi ya nusu saa. Alisimama mlangoni na nyundo mkononi.

"Wacha nivunje hii kufuli. Mzee akiuliza, nitajibu mimi."

Sisi, watu wazima arobaini, tukamwambia, "Ngoja Mzee."

Tukamtuma Gedion hospitalini. Aliuona ufunguo shingoni mwako, akaona haya kumsumbua mgonjwa. Akasali nawe, akakuachia maziwa lala, akarudi na salamu.

"Na ufunguo je?" Mwongeli akamuuliza.

Mwongeli akaweka nyundo chini, akachukua mtungi, akaanza kuchota maji mtoni. Aliokoa mistari miwili ya bamia. Bamia zetu zingine, zilizokuwa zimechanua, zilikauka zote, na robo ekari yake ikiwemo. Tunajuta sana. Hukuwepo kutukataza, Mzee. Tulijikataza wenyewe.

OMBI

Hatuombi pampu mpya. Meneja ajaye hatumjui, lakini sisi wenyewe tunajijua. Tunaomba, kabla ya kukata keki, uvue huo ufunguo umpe Mwongeli mbele yetu, useme kwa kinywa chako kwamba hana haja ya kuuliza mtu. Usiposema wewe, tutamzuia tena.

Amekaa safu ya pili, kitambaa cha bluu. Hatujamwambia.

Mungu akupe afya, na usingizi mtamu wa mchana ambao hukuwahi kuupata hapa.

Ni sisi wakulima wa Ushirika wa Kyeni, Kambu.

Imesomwa na Gedion, ambaye siku ile alishindwa kuuomba ufunguo.