Mpishi Asiyeonja

Jai Shri Krishna, ndugu zangu! Ah, itikieni kwa nguvu, msiniachie kazi yote peke yangu. Na nyinyi wageni wetu wa leo, karibuni sana hekaluni. Viatu vyenu viko salama pale mlangoni. Wewe mama uliyekunja mikono kwa kona, kunjua tu, hapa hakuna mtu atakubatiza kwa nguvu.

Nimeombwa nisimame niseme vile Mungu alinitoa mbali. Sitataja jina la mtu. Anayejijua ndani ya maneno haya acheke kama wengine.

Mimi ni mpishi. Nilitoka upande wa Kakamega nikiwa kijana, nikapata kazi kwa hoteli moja kule Turbo, pale madereva wa malori hushuka kula. Chapati zangu zilikuwa na sifa. Lakini ndugu zangu, nawaambia bila kuficha, nilikuwa mtu wa tamaa. Nilikuwa na mke mzuri na watoto wawili, tumepanga nyumba Kiplombe, na bado nilikuwa na mpango wa kando. Na huyo wa kando naye nilimficha mwingine, mhudumu wa pale hotelini. Mnacheka? Hata mimi siku hizi nacheka. Wakati ule haikuwa mchezo.

Nilijaribu kuacha. Mara tatu nilienda mbele kanisani, nikalia machozi ya kweli, na mara zote tatu Jumatano haikupita kabla sijarudi kulekule. Sisemi kosa lilikuwa la kanisa. Kosa lilikuwa langu: nilifunga mlango kwa mkono mmoja, na kwa huo mwingine nikafungua dirisha.

Siku moja saa ya chakula cha mchana, mama watoto akaja hotelini na yule mdogo mgongoni. Akanikuta nyuma ya jikoni nimemshika mhudumu kiuno, namlisha nyama kwa mkono wangu. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Baba watoto, sikuja kupigana. Nimechoka kungoja mabaki." Kesho yake akachukua watoto akarudi kwa mama yake. Na kumbe yule mhudumu alikuwa shemeji wa mwenye hoteli! Kazi nayo ikaisha wiki hiyohiyo.

Nilikaa vibaya, ndugu zangu. Nilikuwa nafika nyumbani naona viatu vidogo vya mtoto vilivyosahaulika chini ya kitanda, nageuka naenda kuketi nje kwa jirani. Nilimtaka mke wangu arudi, lakini ningemwambia nini? Ahadi zangu zote alishazisikia.

Jirani huyo, ambaye ni mtu wa boda boda hapa Pioneer, ndiye aliniambia jikoni mwa hekalu hili wanatafuta mtu. Nikaja. Sikuja kumtafuta Mungu, nilikuja kutafuta kazi. Jikoni nilimkuta mama mmoja mzee, mfupi, miwani imefungwa kwa uzi. Sote tunamwita Ba, ambayo kwa Kigujarati ni mama. Akaniangalia toka juu mpaka chini, akasema, "Oga kwanza. Halafu hapa hapana onja. Kwanza Bwana akule, halafu sisi."

Bwana ni Krishna, chakula chote huwekwa mbele yake kwanza. Nikadhani anatania. Mpishi asionje? "Sasa Ba, chumvi nitajuaje?"

"Kwa mkono. Kwa pua. Na ukikoroga, imba jina la Bwana, mawazo isitoke hapa kwa sufuria."

Hapo hakuna nyama. Hakuna yai. Hata kitunguu hakuna! Mluhya, na mnajua tunavyopenda kuku, amekaa bila hata paja, nyumbani walidhani nimerogwa. Wiki ya kwanza dengu yangu ilikuwa na chumvi ya kuua ng'ombe. Lakini niliendelea. Na nikiri hapa mbele yenu: mwanzoni niliimba kwa sababu Ba alikuwa karibu. Baada ya miezi kadhaa nikajikuta naimba nikiwa peke yangu, nachambua mchele, na moyo umetulia.

Ba hakuwahi kuniuliza habari za wanawake. Alikuwa akisema tu kwamba ulimi ndio kiongozi wa tamaa zote, ukiushika huo, hizo nyingine zinapunguza kelele. Na akasema tamaa haifukuzwi kwa fimbo, inarudi na wenzake. Ipe kitu kitamu zaidi ya kile inacholilia. Nilisikia kwa masikio. Bado hayakuwa yameshuka moyoni.

Sasa ikafika Annakut, ile siku ya baada ya Diwali ambayo tunamwekea Bwana mlima wa chakula, kila aina. Mimi nilipewa khir, ule wali wa maziwa na iliki. Sufuria kubwa ya kuogeshea mtoto. Saa nne asubuhi askari wa geti akaja dirishani: "Mpishi, kuna madam kwa geti anakuuliza. Amevaa nyekundu."

Nilimjua kabla hajamaliza kusema. Yule wa kando. Moyo ukaruka, ndugu zangu, na sitawadanganya, uliruka kwa furaha. Nikasema, "Mwambie angoje kidogo." Hata sijamaliza kusema hivyo, kidole changu kikaingia kwa khir, kikaja mdomoni.

Nikasimama pale na kidole mdomoni kama mtoto wa nasari. Hakuna aliyeona. Na ndani yangu nikasikia, "Hakuna atakayejua." Sauti ile naijua! Ndiyo ile ilikuwa inaniambia maneno hayohayo Turbo kila siku.

Nikaenda kwa Ba. Wageni walikuwa wameanza kufika na maziwa yalikuwa yamekwisha. "Ba, nimeonja."

Akavua miwani, akaifuta kwa sari. "Sukari ilikuwa ya kutosha?"

"Imezidi, Ba."

"Basi punguza. Anza tena."

Hayo tu! Ile khir ya kwanza wakapewa mafundi waliokuwa wanapaka rangi ukuta, na siku yao ikabarikiwa. Maziwa mengine akaleta mzee mmoja mkulima wa Kiplombe, mbio kwa pikipiki. Nami nikaenda kwa geti. Nikamwambia yule dada, "Nisamehe. Nilikudanganya miaka mingi. Nina mke, naye ndiye namtaka. Usinitafute tena." Akaniangalia aproni yangu. "Kwani siku hizi umekuwa Mhindi?" Nikamjibu, "Nimekuwa mpishi." Nikarudi jikoni, na ile khir ya pili niliipika nikiimba hadi sauti ikakauka. Pazia la madhabahu lilipofunguliwa nikaiona mbele ya Bwana, furaha ilinijaa nikacheka kwa sauti, watu wakageuka kuniangalia.

Wiki iliyofuata nilienda kwa wakwe. Nilimwambia mama watoto yote, hata ile ya geti, kabla hajauliza. Hakurudi siku hiyo. Alikuja hapa Jumapili nne, akakaa nyuma akisema, "Nimekuja kuangalia, sijarudi." Jumapili ya tano alikuja na begi.

Asante Ba. Asante jirani yangu wa boda. Asante mama mkwe, ambaye angeweza kunifungulia mbwa na hakufanya hivyo. Ndugu zangu, msidhani mimi ni malaika. Macho bado ninayo. Nikimwona mrembo mjini namwambia Bwana, kazi yako nzuri, halafu napita. Wewe unayepigana na mwili wako kila siku, usipigane peke yako na usingoje kwanza uwe msafi. Mpende Bwana kwa kitu kidogo kilicho mikononi mwako, na ukianguka, mwambie mtu kabla khir haijafika mezani.

Zamani simu yangu ikilia, nyumba yote ilikuwa inanyamaza kusikiliza ni nani. Juzi ililia mikono yangu ikiwa kwa unga. Nikamwambia mama watoto, "Pokea wewe." Hata hakugeuka. Akasema, "Pokea mwenyewe, mimi nina kazi," akaendelea kumenya njegere zake.